Uzi Kwenye Ukingo wa Kishimo

Woga katika familia yao uligawiwa kwa upendeleo: dada mkubwa alirundikiwa wote, mdogo wake hakupata hata chembe. Mdogo ndiye aliyepanda paa la nyumba kufuata mpira, mkubwa akabaki chini akilia kwa niaba yake. Mdogo aling'atwa na mbwa, na kesho yake akarudi kumjulia hali mbwa. Mkubwa ndiye aliyepita njia ya mbali kumkwepa mbwa huyo mpaka alipomaliza shule. Basi mdogo alipokuwa mwanaanga, hakuna aliyeshangaa. Waliomjua mkubwa walishangaa kidogo tu kusikia kwamba naye amepata kazi ya mambo ya huko juu, hadi walipoelezwa ni kazi gani. Wakasema ah, hiyo imemfaa.

Kazi yake ilikuwa kutafuta matundu. Vitu vilivyokaa nje ya kituo cha angani viliteremshwa duniani, vikaletwa katika maabara yao, naye akavipitia chini ya hadubini kipande kwa kipande, akitafuta mahali vilipogongwa. Huko juu kuna vijiwe vya mbinguni vinavyopita na njia zao, na kuna taka ambazo sisi wenyewe tumezimwaga: maganda ya rangi, vipande vya vyombo vilivyokufa. Vyote huenda kasi isiyo na simile. Punje ndogo kuliko ya chumvi ikigonga chuma huacha kishimo, na ukingo wa kishimo hicho hubinuka nje kama mdomo wa kopo lililofunguliwa kwa kisu. Kazini walimwita Mpimaji. Nyumbani alikuwa Dada tu, na mdogo wake, kwa kuwa alikuwa wa mwisho kuzaliwa, alikuwa Kitinda.

Wiki ile mezani kwake palikuwa na upau wa kushikia, wa alumini, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Pau kama hizo zimefungwa nje ya kituo kila mahali; mwanaanga akitoka, huzishika moja baada ya nyingine na kutambaa nazo ukutani. Huu aliufungua Kitinda mwenyewe, siku alipotoka nje kwa mara ya kwanza, akafunga mpya mahali pake, akauteremsha na chombo cha mizigo. Juu ya mfuko wake alikuwa ameandika kwa kalamu nene: "Dada, hesabu vizuri, usisinzie."

Na asubuhi hii Kitinda alikuwa nje tena. Televisheni ya ukumbini ilikuwa inaonyesha moja kwa moja, sauti yake ikiingia maabara kupitia mlango ulioachwa wazi makusudi. Mpimaji hakutaka kuangalia. Alitaka kusikia tu, na kila sauti ikikatika, hata kwa kupumua, aliacha kazi. Simu yake ilikuwa imetetemeka mara kadhaa mfukoni. Alijua ni mama, na alijua swali lake ni lile lile: mwenzio ameshaingia ndani? Alishamjibu mara mbili, bado.

Akajikaza, akarudi kwenye hadubini.

Kila kishimo kilikuwa na utaratibu wake. Kwanza unapuliza. Walikuwa na kipulizio cha mpira chenye mdomo mrefu. Unakiminya, hewa inatoka, vumbi la maabara linaondoka. Halafu picha, halafu vipimo, halafu mwenzake anachunguza kwa mashine yake mabaki yaliyomo ndani ya kishimo. Kilichowasumbua zaidi kwenye hatua ya kupuliza ni nyuzinyuzi za nguo. Makoti yao yalimwaga nyuzi kutwa nzima, na wao waliziita pamba, hata ziwe za kitu gani. Mgeni akiona uzi kwenye upau na kutoa macho, huambiwa na mtu ambaye hata hajainua kichwa, "Pamba hiyo, puliza." Mpimaji mwenyewe aliwafundisha wengi hivyo.

Alikuwa na sababu. Zamani kidogo aliwahi kuwaita watu wote wa jengo waje kuona unga wa ajabu ndani ya kishimo, unga ambao haujawahi kuonekana. Ulikuwa poda yake ya uso. Tangu siku hiyo, akisema tu "njooni muone", kuna mtu lazima aulize kama leo ni poda au wanja.

Kwa hiyo alipofika mwisho wa upau, pale unapokunja kona kuelekea ukutani, na kukuta uzi kwenye ukingo wa kishimo, hakusema kitu. Alipuliza. Uzi ukayumba, ukabaki. Akapuliza tena kwa nguvu. Ukabaki. Akaminya mpira mpaka ukalia, ukabaki vile vile, ukitikisa kichwa tu.

Akaongeza ukuzaji. Uzi haukuwa umelala juu ya ukingo. Ulikuwa umeingia chini yake, umebanwa pale alumini ilipobinuka, na ncha yake moja ilikuwa imechanika kama kitu kilichovutwa. Uzi unaodondoka kutoka kwenye koti hulala ulivyoanguka. Huu ulikuwa umekatwa hapo hapo. Na rangi yake ilikuwa ya manjano. Alitazama mikono ya koti lake, nyeupe. Alitazama glavu zake za maabara, za buluu. Akazungusha macho chumba kizima, akaona hakuna kitu cha manjano isipokuwa ndizi mbili za mwenzake, nazo zilikuwa kwenye sahani nje ya mlango.

Alijua ni nini kilichokuwa cha manjano, maana aliwahi kushikishwa kipande chake siku Kitinda alipomtembeza mahali wanaposhonewa suti. Kitambaa cha viganjani mwa glavu za wanaanga, kile kigumu kinachokaa chini ya mpira.

Mwenzake wa mashine ya mabaki walimwita Babu, si kwa umri bali kwa sababu alivaa kandambili kazini na kuguna kila alipoinuka. Mpimaji alimsogelea akajaribu kuifanya sauti yake iwe ya kawaida.

"Kile kishimo cha kwenye kona ulishakipima?"

"Cha kona? Jana. Nimekiandika jiwe," Babu alisema. "Silikoni tele."

"Na chuma je? Magnesi?"

Babu akafungua picha zake kwenye kompyuta, akakuna kidevu. "Hakuna."

"Jiwe gani hilo la mbinguni, silikoni tupu, halina chuma wala magnesi?"

"Sasa dada, mbona unaniuliza kama polisi?" Lakini alikuwa ameshaanza kuvipitia vingine. Vilikuwepo vingine vya namna hiyo, vyote vilivyoandikwa jiwe, na vyote vilikuwa upande mmoja wa upau, pale vidole vinapokamata. Babu hakuguna. "Ni mpira," alisema polepole. "Ule mpira wa silikoni wanaopaka viganja vya glavu ili visiteleze."

"Mpira kubaki si kitu. Hata kandambili zako zinabaki sakafuni. Njoo uone kilichobaki kingine."

Babu aliinama kwenye hadubini. Alikaa hapo muda mrefu kuliko alivyotaka Mpimaji, na alipoinua uso hakuwa na mzaha wowote.

"Anavaa glavu zile zile leo?"

"Zimeshonwa kwa kipimo cha mkono wake. Za akiba anasema zinambana." Ukumbini sauti ya Kitinda ilikuwa inamtania mtu kuhusu bisibisi.

Sasa shida ilikuwa simu. Katika maabara ile ndugu wa mtu aliyeko juu haruhusiwi kupiga simu chumba cha uongozi, wanakoongoza kazi za huko juu, wala kuwatumia neno. Sheria hiyo aliipendekeza Mpimaji mwenyewe, mara tu Kitinda alipochaguliwa, kwa kuwa alijijua. Aliona bora afungwe mdomo kuliko siku moja awapigie watu wazima usiku kwamba ameota vibaya. Anayepiga ni Mkuu wa maabara, mwanamke mwenye sauti ya chini na miwani iliyoning'inia kifuani, ambaye hakuwahi kumcheka kuhusu poda, lakini hakuwahi kuisahau pia.

Mkuu alimsikiliza hadi mwisho.

"Glavu zilipigwa picha alipoingia mara ya kwanza," alisema. "Zilikaguliwa. Zilipita."

"Walipiga picha viganja, Mkuu. Kishimo kiko kwenye kona. Ukishika kona, inaingia hapa." Akaonyesha mkono wake, kati ya kidole gumba na cha shahada. "Mkono ukilegea, hapa panajikunja. Picha haioni."

"Nikisema hivi wanamwondoa kazini sasa hivi. Yuko mwisho kabisa wa kituo, na kazi yenyewe imeandaliwa mwaka mzima." Mkuu alimtazama kwa upole, na upole huo ulimtisha Mpimaji kuliko ukali. "Nakuuliza kama mtu anayekupenda. Angekuwa si mdogo wako, ungekuja kwangu au ungepuliza ukaendelea?"

Mpimaji alijiuliza swali hilo hilo. Hakujua. Hilo ndilo lililomuumiza: hofu yake ilikuwa imempigia kelele mara nyingi bila sababu hata sasa hakuweza kutofautisha sauti yake ya kweli na ya uongo. Alihisi machozi yanakuja, na alijua yakitoka tu, amekwisha, hatasikilizwa tena.

"Njoo upulize wewe," alisema.

Mkuu akaenda. Akavaa miwani, akaivua, akaweka jicho kwenye hadubini, akanyoosha mkono apewe mpira. Akapuliza mara moja, kwa nguvu zake zote. Kisha akauweka mpira mezani taratibu na kuchukua simu ya ukutani. Alipotamka jina la maabara, Babu alikwenda kuongeza sauti ya televisheni, na wote watatu wakasimama mlangoni.

Haikuchukua muda. Kwenye skrini umbo jeupe lililokuwa limeinamia ukuta wa kituo lilisimamisha mikono.

"Kitinda, hapa chumba cha uongozi," sauti ya mwanamume ilisema bila haraka. "Acha kazi kidogo. Tunaomba utazame glavu ya kulia."

"Nimeitazama. Nzima kabisa. Mnanitafutia sababu ya kuniingiza ndani?"

"Katikati ya kidole gumba na cha shahada. Vitanue, uweke mbele ya taa."

Umbo jeupe likainua mkono. Mpimaji alijikuta amemshika Babu koti kwa nguvu.

"Naona manjano," Kitinda alisema. Sauti ilikuwa ile ile ya mzaha, ila imepungua. "Pamefunguka hapa. Na chini ya manjano kuna kitu kinavimba kidogo."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Chini ya kitambaa cha manjano kuna mfuko mwembamba unaoshika hewa, na baada ya mfuko ni ngozi ya mtu. Kitambaa kisipouzuia, mfuko unasukumwa nje kwenye mpasuko, na hapo ukiguswa na kitu chenye ncha, basi. Mpimaji aliona mkono ule alioufundisha kushika penseli, akaona nje yake hakuna chochote, hakuna hewa wala joto wala mtu.

"Acha kila kitu," chumba kikasema. "Rudi mlangoni. Mwenzako anakuja kukupokea njiani."

"Narudi."

Umbo likageuka, likanyoosha mkono kushika upau wa karibu.

Hapo ndipo Mpimaji alipoelewa jambo ambalo hakuna mwingine aliyekuwa amelifikiria bado, na alilielewa kwa sababu alikuwa amelikodolea macho wiki nzima. Njia ya kurudi ni pau hizo hizo. Zilifungwa siku moja na huu ulioko mezani, zimegongwa miaka ile ile, na kila moja ina midomo yake ya kopo. Angezishika nyingi kabla ya kufika mlangoni.

"Asishike pau," alisema. "Mkuu, mwambie asishike pau. Ashike miguu yake."

"Miguu gani?"

"Vile vikingi viwili vinavyoshikilia upau ukutani. Viko chini, vimejificha. Nimevipitia vyote, havina hata kishimo kimoja. Atangulize mkono wa kushoto. Wa kulia auweke kifuani, asiutumie." Alikuwa anasema haraka lakini maneno yalitoka yamenyooka, na yeye mwenyewe alishangaa.

Mkuu hakumuuliza mara ya pili. Aliongea na simu, akarudia neno kwa neno, na baada ya kitambo walisikia maneno hayo hayo yakitoka kwenye televisheni kwa sauti ya yule mwanamume.

"Nishike miguu?" Kitinda aliuliza. "Nani kasema?"

"Maabara."

"Basi ni dada. Huyo hata ngazi ya nyumbani alikuwa anaishika miguu." Watu fulani huko chumbani wakacheka, na ulikuwa mcheko mbaya, wa watu wanaotaka sababu ya kupumua.

Safari ile ilikuwa fupi kwa macho. Ingekuwa ardhini, mtu angeitembea huku akimenya chungwa. Kitinda aliivuta kwa mkono mmoja, akishika kikingi, akijivuta, akiachia, akitafuta kingine, miguu yake ikielea nyuma bila kazi. Glavu zile ni nene, na kuingiza vidole chini ya upau kulimgharimu. Pumzi yake ilisikika ukumbini kote. Mara mbili mkono wa kulia ulitoka kifuani wenyewe kwenda kusaidia, kama mikono inavyofanya, na mara zote mbili Mpimaji alisema "rudisha" kwa sauti ya chini, kana kwamba anasikika.

Halafu ikalia kengele ndogo, ya mlio mmoja mmoja.

"Suti inaongeza hewa," Kitinda alisema. Hakutania tena. "Inavuja."

"Tunaona. Ni kidogo. Endelea."

Mpimaji aliketi sakafuni pale pale mlangoni. Aliomba, akasahau anaomba nini, akaanza upya. Simu ilitetemeka mfukoni, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Alifikiria sebule ya nyumbani na mama yake ameketi mbele ya televisheni ile ile, anasikia mlio ule ule, peke yake. Hakuwa na nguvu za kupokea.

Umbo la pili jeupe likatokea ukingoni mwa picha. Mwenzake Kitinda alikuwa amefika. Akaishika kamba ya kiunoni mwa Kitinda, akaanza kumvuta, wakasogea wote wawili kuelekea kwenye duara la mlango. Mguu mmoja ukaingia, kisha mwili. Mlango ukafungwa taratibu mno. Picha ikabaki inaonyesha ukuta mtupu, kengele ikiendelea kulia, na sauti ya mwanamume ikisoma kiwango cha hewa kinachopanda ndani ya kichumba cha mlango. Kengele ikanyamaza.

"Niko ndani," Kitinda alisema.

Babu alikaa sakafuni karibu na Mpimaji, akavua kandambili moja bila sababu yoyote, akaivaa tena. Mkuu alisimama na simu mkononi, akigeukia ukuta, mabega yakimpanda na kushuka. Baadaye kidogo waliambiwa kwamba tundu lilikuwa dogo kuliko ncha ya sindano, na kwamba kila mshiko wa mkono ule ungelipanua.

Mchana walimruhusu Kitinda azungumze na familia kwa video. Mpimaji alikuwa ameshakimbilia nyumbani. Alimkuta mama yake ameketi pale pale, khanga imevutwa mpaka kichwani, televisheni imezimwa. Mama hakumlaumu kuhusu simu. Alimsogezea nafasi kwenye kiti, wakaegemeza simu kwenye birika.

Uso wa Kitinda ukatokea, umevimba kidogo kama kawaida ya watu wa huko, nywele zimesimama pande zote, na tabasamu lake la siku zote.

"Mama, shikamoo. Mmenikatisha kazi kwa ajili ya pamba."

"Marahaba. Nionyeshe mkono."

Kitinda akainua mkono, akautikisa na kuchezesha vidole.

"Huo ni wa kushoto, mwanangu."

"Mama na wewe. Ni mzima, nimepimwa, daktari kasema hata alama hauna. Dada, mwambie. Si unaona kila kitu wewe?"

"Nionyeshe," mama alisema.

Tabasamu likabaki usoni muda kidogo bila mwenyewe. Kisha Kitinda akauleta mkono wa kulia mbele ya kamera. Ulikuwa mzima kweli, vidole vyote vitano. Na ulikuwa unatetemeka. Haukutetemeka kidogo, ulikuwa unapigapiga hewani, naye akaushika kwa mkono wa kushoto ili autulize, na wa kushoto nao ukaanza.

"Hautaki kuacha," Kitinda alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Tangu nimeingia. Nimeukalia, nimeuingiza kwenye soksi, hautaki. Dada, wewe huwa unafanyaje ikikushika hivi?"

Mpimaji hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote maishani mwake. Alimtazama mdogo wake wa juu ya paa, wa mbwa, akatafuta la kumwambia, akaona anayo majibu mengi sana.

"Usiubane," alisema. "Uache utetemeke. Tazama kitu kimoja kilicho karibu, kitu kidogo, uniambie kilivyo. Kisha kingine."

"Kuna skrubu hapa."

"Niambie ikoje."

"Muda wa familia umebaki kidogo," sauti ya mtu mwingine ikasema kwa adabu.

"Msikate," Kitinda alisema. "Tafadhali, msikate kwanza." Akaigeukia skrubu, akaanza kumweleza dada yake jinsi ilivyo.